Siku Mbili za Kuuguza Seva Kibagabaga

Safari hii sikuitaka. Kampuni yetu, iliyoko mtaa wa Rwezamenyo, inasambaza dawa kwa maduka, na oda zote hupitia seva moja iliyokuwa ikikaa stoo, kati ya jiko na maboksi ya sabuni. Mlezi wake nilikuwa mimi. Umeme ukikatika, ofisi nzima ilinitafuta. Nikitokea na feni na kitambaa changu, hata mhasibu aliinuka kunipisha. Sasa bosi wetu, Madamu Immaculée, mwanamke aliyekulia Bujumbura na asiyependa maneno mengi, akaamua ihamie kituo cha data, mahali ambapo kampuni nyingi hukodi nafasi na kuweka seva zao chini ya paa moja. Akaniambia nikae nayo siku mbili. Nikiona dosari, nirudi nayo. Niliiomba dosari hiyo kwa moyo wote, maana bila seva stoo, mimi ni nani?

Saa mbili asubuhi tulipakia. Seva kiti cha nyuma, nimeifunga mkanda. Mimi pembeni yake na feni, mkeka na chupa ya chai. Dereva wa teksi aliutazama mkeka, akasikia tunaelekea Kibagabaga, mtaa wenye hospitali kubwa, akanipa pole na kuniuliza mgonjwa amelazwa wodi gani. Sikumsahihisha. Kwetu mgonjwa haachwi hospitalini peke yake. Lazima awe na umurwaza, ndugu wa kumlisha na kumgeuza, na mimi nilijiona hivyo hasa.

Saa tatu na nusu, getini. Mlinzi alichukua kitambulisho, alama za vidole, kisha chai. Mwenyeji wangu alikuwa Diane, fundi aliyekulia Kampala. Nikamuuliza umurwaza analala wapi.

"Hapa hakuna umurwaza, mzee," akasema kwa upole. "Mashine yako haiko mgonjwa. Ilikuwa inakaa vibaya tu."

Iliniuma. Nilimfuata ndani nikitafuta kosa. Baridi ilikuwa ya kutaka sweta. Seva ya hoteli hii, seva ya chuo kile, kila moja kabatini mwake na kufuli yake, lakini zote zinagawana jenereta, viyoyozi, walinzi na nyaya za intaneti za kampuni tatu tofauti. Sisi wa Rwezamenyo tungeuza hata viti, tusingevipata vyote hivyo peke yetu. Diane akaifunga yangu kabatini, akaiwasha. Nikadai kuonyeshwa umeme ukikatika. Kwa bahati yangu mbaya, ilikuwa siku yao ya majaribio. Diane alizima swichi kubwa. Betri zikashika, jenereta ikanguruma nje, na taa ya seva yangu haikupepesa hata kidogo. Miaka minane nimeilea, na haikunihitaji. Nilichukia, nasema kweli.

Siku ya pili nilishinda mapokezi, feni yangu magotini. Saa sita Madamu akapiga simu: umeme umekatika Rwezamenyo yote, lakini maduka bado yanaagiza dawa bila shida. Akanisifu kwa kazi nzuri. Niliipokea sifa hiyo huku natafuna sambusa.

Jioni nilirudi bila seva. Njiani nilitunga dosari mbili, zote za kipumbavu, nikazimeza. Nikamwambia Madamu kila kitu kiko sawa. Akaniuliza:

"Vedaste, hiyo nafasi ya kule Kibagabaga ulikuwa unajua iko?"

Nilijua. Miaka mitatu nyuma watu wa kituo walituletea barua ya kutukaribisha, nami niliisoma na kuichana kabla haijamfikia. Nikamwambia hivyo hivyo, nikasubiri kufukuzwa. Yeye akafungua orodha ya maduka yaliyokosa dawa siku ambazo seva ilizimika, akaniambia kesho nianze na lile la Nyakabanda.

"Utaenda wewe mwenyewe," akasema. "Utawaambia kwa nini walikuwa wanakosa insulini."

Nilichojifunza ni kwamba ukubwa wangu wote ulisimama juu ya foleni ya watu waliosubiri dawa. Mpaka leo nimefika maduka kumi na moja. Kote wananikaribisha vizuri, wananipa kiti, halafu naanza kusema.