Dakika Zangu za Matangazo

Maktaba ya usharika wetu ipo Segerea, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti vya kwaya. Ni ndogo kiasi kwamba ukiazima kitabu kinene inabidi utoke nje ukakifungulie uwanjani. Pangaboi lake linazunguka taratibu mpaka nzi wanalitumia kupumzikia. Hakuna anayelipwa humo. Tunafungua Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada ya pili, sisi watu wachache wa kujitolea, mimi nikiwa mmoja wao: fundi friji niliyesoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa tayari nina mvi kidevuni. Wanasema msomi wa usiku hajui kunyamaza mchana. Sawa tu. Nilichelewa kuanza, acha niseme.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kule kanisani, wakati wa matangazo. Wakishatangaza ndoa, mchungaji aliniachia dakika tatu nisimulie kitabu kimoja, ili atakayekipenda aje kukiazima. Wiki nzima najaza gesi kwenye friji za watu, naitwa fundi huku, fundi kule, nimeinama nyuma ya kabati na vumbi la miaka. Jumapili nasimama mbele na kanisa zima linanitazama mimi. Na kwangu vitabu vilinenepa. Mmisionari aliyevuka mto wenye mamba mmoja, mimi nilimvusha mto ambao maji hayakuonekana kwa mamba. Mtu akienda kusoma asiwaone, anarudi kunilalamikia huku anacheka, namwambia walishashiba wakaondoka.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi huko Kagera, akamfuata binti yake mjini. Mama wa umbo dogo, mwembamba kama fagio la chelewa, miwani imefungwa kamba shingoni. Alianza kwa kuazima, akaendelea kwa kujitolea, na Jumapili moja niliyokwenda msibani Morogoro akapewa dakika zangu.

Yeye hasimulii. Anafungua kitabu, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti ileile ya kuita mahudhurio darasani, na akifika mahali pabaya kuliko pote, anakifunga. "Kinapatikana mezani," anasema, anarudi kukaa. Basi.

Niliporudi nikakuta watu hawana habari na mamba wangu. Mchungaji akasema tupokezane, wiki hii mimi, wiki ijayo yeye, na wiki yake ilipofika nikaiona foleni kwa macho yangu. Mimi ningekuambia ilifika mpaka gereza la Segerea, ila mke wangu ananikanyaga mguu. Basi, ilifika getini. Wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaanza kumchunguza. Anaramba kidole akifungua kurasa. Viatu vyake vinalia. Anasema "kinapatikana" kana kwamba ni sabuni. Mbaya zaidi, watu walikuwa wananipa mkono vizuri kabisa, halafu wananiuliza, "Fundi, mwalimu yuko wapi?"

Haikuchukua muda mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni. Ibada inachelewa kwisha, akasema, na baraza la wazee limeona msemaji wa vitabu awe mmoja tu, moja kwa moja. Kila mmoja wetu angepewa Jumapili yake ya mwisho, halafu wataangalia vitabu vya nani vinatoka.

Jumapili yangu nilimwaga yote niliyokuwa nayo. Kitabu kilikuwa cha mwinjilisti na chui, na chui yule nilimpa ukubwa wa basi la mkoani. Watu walicheka mpaka watoto waliolala wakaamka. Mzee wa kwaya alifuta machozi. Nje wakanipigapiga mgongoni, wakaenda zao kunywa chai. Kilitoka kitabu kimoja, na aliyekiazima alikuwa mjomba wangu, ambaye macho hayaoni vizuri.

Zamu yake mwalimu akachukua kitabu chembamba cha jalada la kahawia. Nilikijua kwa nje. Mimi mwenyewe ndiye niliyekikava kwa nailoni, nikakisimamisha rafuni, na kwa wembamba wake nikaona hakina kitu. Akasoma. Mtu katoka bara kumtafuta kaka yake aliyepotelea Dar. Kazunguka, kauliza, kakata tamaa, mwishowe kaelekezwa mlango mmoja Temeke. Anabisha. Sauti kutoka ndani inamjibu kwa jina lake la utani la utotoni, jina ambalo aliyekuwa akimwita nalo ni mama yao peke yake. Na mama yao walishamzika.

Akafunga kitabu. "Kinapatikana mezani."

Kanisa likashusha pumzi kwa pamoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta nimesogea ukingoni mwa benchi.

Nakala ilikuwa moja. Akaiwahi nesi mmoja, wengine wakabaki wanangoja zamu, na nesi alipomaliza nilimdodosa akaniambia hasemi, nikasome.

Sasa ng'ambo ya barabara kuna duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi, Mshia safi, jirani yetu wa siku nyingi. Spika zetu anazisikia atake asitake. Miaka yote amekuwa akinitania kuhusu mamba. Jumatatu nimekwenda kununua misumari, hata salamu hatujamaliza, akaegemea kaunta akaniuliza nani alikuwa ndani ya nyumba ile ya Temeke.

Ningesemaje sijui? Mimi, mwenye maktaba? Nikamwambia ni mke wa yule kaka, na jina alilijua kwa mumewe. Akatikisa kichwa. Akasema haiwezekani, mama hakufa, walizika mtu mwingine. Wateja wakaingilia. Mwenye saruji akawa upande wangu, mwenye rangi upande wa mzee. Kufikia katikati ya wiki mtaa ulishagawanyika, chama cha mke na chama cha mama, na kwa kinyozi nasikia mtu alinyolewa nusu kichwa, kinyozi kashika mashine anabisha.

Jumamosi niliitwa Mikocheni kwenye friji ya bucha, nikarudi jioni. Foleni imepita geti. Watu ambao hawajawahi kukanyaga kwetu, wengine na kofia zao za msikitini, wote wanaandikisha zamu ya kitabu cha kahawia wamalize ubishi. Mzee wa kanisa alisimama pale akaangalia, akawaita wenzake nao waangalie. Jumapili ikatangazwa kwamba msemaji wa vitabu ni mwalimu.

Ibada ilipokwisha nikamfuata mezani. Heshima kwanza, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, anapiga mhuri.

"Mwalimu," nikamwambia, "foleni ya jana nusu ni yangu."

"Najua, baba. Wengi waliniulizia huyo mke."

"Sasa si uwaambie wazee."

Akaweka mhuri chini, akaniangalia juu ya miwani. "Niwaambie nini? Kwamba umetangaza mtaa mzima kitabu ambacho hujakisoma?"

Mimi, ninayeweza kuongea mpaka kuku anataga, nikaanza kunyoosha vitabu mezani.

"Kisome kwanza," akasema. "Halafu uje tugombane vizuri."

Nikamwambia haya, nipe. Akasema kimetoka. Nikamuuliza kiko kwa nani, nikakifuate hata kama ni Mbezi Beach kwa miguu. Akarudi kwenye mhuri wake.

"Kiko kwa mkeo. Jana aliwahi foleni kabla hatujafungua."

Nyumbani nilianza kusikia harufu ya maharage yanayoungua kabla sijafika mlangoni. Mke wangu alikuwa uani kwenye mkeka, mgongo kaegemeza ukuta, kitabu cha kahawia usoni, na nailoni yangu inang'aa juani. Nikaipua sufuria mwenyewe. Nikarudi nikasimama mbele yake. Nikamwambia dakika zangu zimechukuliwa. Akasema pole. Ukurasa ukageuka.

Katika ndoa yetu yote mimi ndiye msemaji, na nilikuwa najua kabisa yeye ndiye msikilizaji. Sijawahi kuona akinisikiliza namna ile. Midomo iko wazi kidogo, kanga imeanguka begani hajui, na nzi anatembea mkononi mwake bila bughudha.

Nikakaa pembeni yake, nikainamisha shingo nichungulie. Akanigeuzia bega.

"Nani alikuwa ndani?" nikamuuliza.

"Si ulisema mke?"

"Niambie bwana."

"Nyamaza, baba watoto," akasema, kidole kikiwa kwenye mstari. "Ndiyo kwanza anafungua mlango."