Kilio Kilichoandikiwa Viola

Eunike alianza kupiga tromboni mikono yake ikiwa bado mifupi. Hakuweza kulisukuma bomba hadi mwisho bila kuegemea mbele kama mtu anayetaka kuanguka. Aliyemfundisha ni baba yake, mwalimu wa matarumbeta katika usharika wao wa Mbokomu, juu kidogo ya mji wa Moshi, na katika yote aliyomfundisha alisisitiza jambo moja: sauti iwe safi. Sauti yenye mate, alisema mzee yule, ni sauti ya mlevi. Baba alishafariki. Eunike sasa ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anaishi Shirimatunda na ng'ombe wake wawili wa maziwa, na asubuhi huwa katika mtaa wa Pasua akiwapimia wateja maziwa. Jumapili yuko na tromboni kanisani. Kukiwa na msiba, yuko nayo makaburini, yaani migombani, maana kwao watu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo.

Mwaka jana, baada ya ibada, kiongozi wa kikundi chao, Mzee Aikaeli, aliwakusanya nje ya kanisa.

"Kuna kampuni ya Dar imekuja," alisema. "Wanarekodi upya muziki wa zile filamu za Ebenezeri. Okestra nzima. Fidla wanazo, sello wanazo, lakini wapiga shaba, watu wa matarumbeta kama sisi, wanawataka wa huku kwetu."

"Filamu zipi?" Eunike aliuliza.

"Zile za mizuka."

Ebenezeri alikuwa mpiga video wa mjini enzi za kanda. Alibeba kamera begani kwenye harusi, kipaimara na mazishi, na kamera ileile ndiyo aliyoitumia kutengeneza filamu za kutisha: wachawi wanaopaa, maiti wanaotoka makaburini, mke anayemla mume. Zilioneshwa kwenye vibanda vya video vya mikoa mingi, na muziki wake aliutunga mwenyewe kwa kinanda kimoja cha umeme. Baadaye zikasahaulika. Halafu vijana wakazikuta mtandaoni, wakazipenda kupita kiasi, wakaanza kumwita Ebenezeri gwiji. Ndipo kampuni ikaja na wazo kwamba muziki ule upigwe sasa na okestra ya kweli, uuzwe kama albamu.

Eunike hakuwahi kuzitazama. Wakati zilipokuwa zinavuma, nyumbani kwao walikuwa na msiba na hakuna aliyekuwa na hamu ya kutishwa.

"Mdomo huu ninapigia siku ya Chakula cha Bwana," alisema. "Leo niupeleke kumpigia mchawi?"

"Muziki ni muziki, Eunike. Mchungaji mwenyewe amesema hakuna ubaya."

Akaenda, lakini kwa shingo upande.

Walikutana katika ukumbi wa shule uliokodishwa mjini. Mwongoza okestra alikuwa kijana anayeitwa Calvin, mzaliwa wa Moshi aliyesomea muziki ng'ambo, mpole na mwenye adabu. Mbele yao palitundikwa kitambaa cheupe ambapo filamu ilikuwa ikipita bila sauti ili wapigaji waende nayo sambamba. Kipande cha kwanza tu, Calvin alisimamisha wote akamgeukia Eunike.

"Mama, sauti yako ni safi mno. Ichafue. Nataka isikike kama mtu anayetaka kutapika na hawezi."

Vijana wa fidla walicheka. Eunike alihisi uso unawaka moto. Miaka yote ile amekuwa akisafisha sauti, na leo anaombwa atapike. Alibana koo, akalegeza midomo, akapiga. Ikatoka sauti nzito yenye povu, kama maji machafu yanayopanda kwenye bomba la choo. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Kilichomkera zaidi ni kwamba kwa nukta moja alifurahi. Jioni alichemsha maji akakisugua kinywa cha tromboni mara mbili, kisha akajiona mjinga.

Siku zilizofuata hazikuwa bora. Kwenye kitambaa maiti walikuwa wakitokwa na minyoo iliyotengenezwa kwa tambi, na fundi mitambo alikaa palepale akila chipsi mayai, akiramba vidole bila kuondoa macho kwenye picha. Ebenezeri mwenyewe, mzee sasa, alipewa kiti cha mbele. Alivaa skafu shingoni na kofia ya sufu, na kila damu ilipomwagika alipiga goti lake kwa kiganja.

"Hapo! Hapo ndipo watu walikuwa wakijikojolea!"

Eunike alikuwa akitazama noti zake tu. Akimwangalia yule mzee akicheka, ulimi wake ulijaa maji kama wa mtu aliyenusa maziwa yaliyooza.

Wiki ilipokuwa inaisha, Calvin aliwaambia wapiga shaba wapumzike kidogo.

"Sasa tunaingia kwenye kipande ambacho watu wote wanakisubiri," alisema. "Ni viola peke yake. Tusikilize."

Filamu yenyewe iliitwa *Mgomba Mweusi*. Mwanamke aliyejifunika shuka anainuka kutoka ardhini katikati ya migomba. Dada wa viola, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, akaanza. Sauti ilianzia juu, ikaporomoka, ikajaribu kupanda tena, ikapasuka njiani. Kisha zikaja kwikwi mbili fupi, na baada yake sauti ikashuka chini kuliko mara ya kwanza. Nywele za mikono zilimsimama Eunike. Alidhani ni kwa sababu yule dada alipiga vizuri. Waliporudia, aligundua kwamba midomo yake ilikuwa ikitamka jina, bila sauti. Filemon.

Filemon alikuwa kaka yake, mzaliwa wa kwanza. Alikuwa mpagazi mlimani, akapanda na kundi la wageni mwezi wa baridi, akateremshwa amefungwa kwenye blanketi. Siku ya kumzika, mama yao alilia kwa namna ambayo Eunike hakuwahi kuisikia tena kwa mtu yeyote. Mpaka leo watu humwita Mama Filemon, ingawa Filemon hayupo.

Eunike alinyoosha mkono. "Calvin, tunaweza kuisikia ile ya zamani? Ya kwenye filamu?"

Calvin alifurahi. Fundi akaifungulia kwenye spika. Ilikuwa sauti nene, imepunguzwa kasi, haikujulikana ni ya mwanamume au ya mwanamke, ikiburuzika kama mtu anayezama. Na nyuma yake ikaja sauti nyingine, ndefu na nzito: "Maaamaaa... baaasiii." Vijana wote wa okestra wakaitikia pamoja nayo huku wakicheka, maana hilo ndilo neno la mzuka ambalo kila mpenzi wa filamu ile analijua. Huko Pasua lilikuwa mlio wa simu. Eunike amekuwa akilisikia mifukoni mwa vijana huku akiwamiminia maziwa.

"Fundi," alisema, "irudishe kwenye kasi yake."

"Kasi yake?"

"Iharakishe. Kama mtu anavyosema."

Fundi alifuta vidole kwenye suruali, akahangaika kidogo na kompyuta yake. Ukumbi ukajaa kilio cha mama wa makamo, akiita jina moja na kukosa pumzi, na nyuma yake msichana analia: "Mama, basi. Mama, basi."

Hakuna aliyecheka. Msichana yule alikuwa Eunike mwenyewe, akiwa na miaka kumi na sita, amemshika mama yake kanga kwenye ukingo wa kaburi ili asiangukie ndani.

"Huyo ni mama yangu," alisema, akatoka nje. Alifika kwenye shina la mjakaranda, akainama, akatapika chai na maandazi yote ya asubuhi.

Alipoinua uso, Ebenezeri alikuwa amemfuata na chupa ya maji. Eunike hakumwamkia. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumnyima mtu mzima shikamoo.

"Pole, mwanangu."

"Ulijua?"

"Nilijua ni msiba wa Mbokomu. Lakini nimepiga misiba mingi, siwezi kuikumbuka yote."

"Tulikuita utupigie picha za mazishi."

"Nikazipiga, na kanda yenu mkaipata." Mzee aliketi juu ya ukuta mfupi, akalegeza skafu. "Nisikilize. Hakuna mwigizaji anayeweza kulia vile. Nilipokuwa naipitia ile kanda nyumbani, mwili ulinisisimka. Nikasema, sauti nzuri kama hii nikiiacha kabatini nitakuwa nimefanya dhambi. Leo mama yako amesikika nchi nzima! Waimbaji wangapi wamepata hiyo bahati?"

Alisema hivyo akitabasamu, kwa moyo wake wote, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Kisha akamwekea mkono begani. Mkono ulikuwa wa vuguvugu na unyevu.

"Toa mkono wako," Eunike alisema.

Calvin alitoka mbio. "Mama, hatukujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Lakini sisi hatutumii sauti yake. Tunachorekodi ni viola tu."

"Na kwikwi?"

"Kwikwi gani?"

"Zile mbili, kabla haijashuka. Umeziandika kwenye noti. Nani alikwambia viola ina kwikwi?"

Calvin alikuwa ameisikiliza kanda ile mara nyingi mno, akiandika kila mpasuko wa sauti, na alijivunia zile kwikwi kuliko kitu chochote katika kazi ile.

Ndani, Mzee Aikaeli alikuwa bado amekaa na tarumbeta mapajani. Yeye alikuwapo kwenye mazishi ya Filemon. Alisimama hatua chache tu kutoka kaburini, akapiga. Na muda mfupi uliopita alikuwa amekisikia kipande kile kikipigwa na kurudiwa asikitambue. Alimwona Eunike akirudi kufunga tromboni yake, akafunga na yeye tarumbeta lake. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kwa kusitasita. Mpiga besi alibaki akibisha kwamba wameshakubaliana na watu wa Dar na si vizuri kuwaangusha. Alipoona amebaki peke yake kwenye safu, akainuka, akabeba dude lake, akatoka.

Kampuni ilipiga simu nyingi. Bila shaba albamu isingekamilika, kwa hiyo wakaamua kipande kile kiondolewe. Mzee Aikaeli na wenzake waliporidhika, walirudi wakamalizia vingine. Eunike hakurudi. Mahali pake alikaa kijana kutoka Machame. Watu wa kikundi walimweleza kwamba shauri limekwisha, kilio kimetolewa, sasa kuna tatizo gani? Kila Eunike alipofikiria ule ukumbi alimkumbuka fundi akila chipsi mbele ya migomba ile, na chakula kikamshinda. Albamu ilitoka, ikasifiwa. Calvin alimtumia kwenye simu. Aliisikiliza hadi kwenye ile sauti ya kutapika, akaitambua tromboni yake, akaifuta albamu kwenye simu.

Kumweleza mama ndiko kulikomchelewesha. Alipanda Mbokomu Jumamosi moja, akamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Alimweleza yote. Mama Filemon alimsikiliza bila kuacha kumenya.

"Ebenezeri yule mwembamba?" aliuliza. "Alikula hapa. Nilikuwa nimelala chumbani sina nguvu, nikamsikia anauliza kama nyama imebaki."

"Huyo huyo."

"Mimi siku ile siikumbuki. Kwani nililia vipi?"

Eunike angeweza kumwimbia, noti kwa noti. "Vibaya, mama," alisema.

"Ningeliaje vizuri?"

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Ebenezeri alipokuja mwenyewe. Eunike alikuwa huko juu akimkatia mama yake majani ya ng'ombe, akamwona akiingia kihambani polepole, akiwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, mtu akija na isale ameomba msamaha, na aliyekosewa hapaswi kumfukuza. Eunike alilijua hilo tangu utotoni. Alipoliona jani lile katika mikono ile, alihisi kwamba mzee amekwenda kuchuma tena kitu kisicho chake. Alijificha nyuma ya banda akaendelea kukata. Mundu ulikuwa butu. Kutoka ndani alisikia mazungumzo ya chini, vikombe, kisha mama yake akicheka kidogo kama anavyocheka na wageni wote. Hakutoka mpaka alipoisikia pikipiki ikiteremka.

Alimkuta mama amekaa kizingitini, isale iko mapajani.

"Umempokea," Eunike alisema.

"Nimempokea. Ningefanyaje, nimrudishe njiani na isale mkononi?"

"Mimi sijamsamehe."

"Wala sijakuomba." Mama aligeuza lile jani akatazama fundo lake. "Ameeleza yote. Akalia pia."

"Alilia?"

"Alilia. Lakini kila akifuta jicho moja, la pili linanitazama kama ninamwona."

Eunike aligeuka akatema mate kwenye nyasi, kitu ambacho mama yake hakuwahi kumwona akikifanya. Mama alisimama kwa kujishika mlangoni, akamwambia alete hayo majani, ng'ombe ameanza kulia.