Mluzi wa Mkinga Mkojo

Kazi ya mzee huyu pale kwenye mbio za farasi, Hong Kong, ni kukinga mkojo. Farasi akishinda huletwa bandani kwake angali anatoka jasho, naye humsogelea ubavuni na kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu, kisha humpigia mluzi mwembamba, wa taratibu, mpaka farasi ageuze sikio moja upande wake na kuuachia mkojo. Mkojo hutiwa chupani, chupa hupigwa lakiri, hupelekwa maabara kutazamwa kama farasi alipewa dawa ya kumwongezea mbio, na majibu hayarudi kwake kamwe. Watunza farasi hunyamaza akikaa karibu nao, kwa hiyo amezoea kula peke yake.

Jumapili moja alishinda farasi ambaye hakuna aliyemtegemea. Jioni, mkahawani, Kwok muuza samaki akavuta kiti mezani pake. Mzee akachangamka, akamsogezea hata mkate wake wa siagi.

"Mjomba, leo tumeliwa wote pesa za dau. Yule kachomwa sindano, sivyo?"

"Sijui, mwanangu."

"Si wewe uliyemkinga?"

"Nilimkinga. Lakini hawaniambii. Na nyinyi pia hawawaambii."

"Kumbe unashinda kule ukiwapigia farasi mluzi tu!"

Kwok akacheka, akabeba kikombe chake, akahamia kwa wenzake. Mzee akabaki anakitazama kile kiti. Midomo ikajikunja yenyewe, akaanza kuupiga ule mluzi wake wa taratibu. Mkahawa ulikuwa umejaa watu, na hakuna aliyemgeuzia sikio.