Mbuzi wa Ganze na Mbuzi wa Gongoni

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya chama cha akiba hapa Malindi, mbele yangu mume na mkewe. Mume alitaka pesa zote za korosho zinunue tuktuk ya kubeba wageni Watamu.

"Na wageni wasipokuja, utambeba nani?" mke akauliza, kaifunika fomu ya kutoa pesa kwa kiganja.

"Wewe mbuzi wako umewatawanya, wawili Ganze kwa dadako, wawili Gongoni kwa shangazi. Umefaidi nini?"

"Wa Ganze walipokufa na kiangazi, karo ya mwanao ilitoka kwa mbuzi wa wapi, baba?"

Mume akakuna kidevu, akatazama dari. "Haya. Nusu ya pesa ninunue tuktuk kwa ubia na kaka yangu, nusu ibaki hapa." Mke akaondoa kiganja.

Mimi ugomvi wa watu naupenda, lakini huo ulinigeukia. Wanangu watatu, wawili nimewanunia tangu matanga ya baba yao, nategemea mmoja tu, anayefanya kazi hotelini. Nilipofika nyumbani nikawapigia simu wale wawili.

"Mama, kuna nini?" akashtuka wa kwanza.

Nikamwambia hakuna kitu, natawanya mbuzi wangu.