Jumamosi Yangu Siitoi

Jumamosi mchana mimi huzima simu, na siombi radhi kwa hilo. Nakaa kwenye kochi langu hapa Kitale na birika la chai ya maziwa, naangalia filamu moja mpaka mwisho, kisha nasoma kitabu mpaka macho yalalamike. Kazi inayonilisha ni kuandika michezo ambayo shule hupeleka kwenye tamasha la drama. Lakini waulize ndugu zangu. Watakwambia kazi yangu ni kulala na rimoti mkononi.

Kuna wakati niliwaamini. Niliacha vitabu, nikaacha filamu, nikaandika tu, mchezo baada ya mchezo, kama mashine ya posho inayozunguka bila mahindi ndani. Halafu siku moja tukiwa mazoezini katika shule fulani kule mji wa Kwanza, msichana wa kidato cha pili akashusha karatasi zake, akaniangalia.

"Mwalimu, si huyu mama alikufa mwaka jana?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nilikasirika, ila si kwake. Kweli nilikuwa nimemuua mama yuleyule, kwa ugonjwa uleule, nikambadilishia kitenge tu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa nimevuma vya kutosha. Wiki hiyohiyo niliichukua Jumamosi yangu, nikaapa kwamba atakayeitaka atanikuta mlangoni.

Wa kwanza kuitaka alikuwa mama yangu. Nyumbani Naitiri, upande wa Bungoma, mahindi ya kuuza hupelekwa kwenye mashine, lakini ya kula lazima tuyapukuchue kwa mikono. Mama anasema mashine huvunja punje, na punje iliyovunjika huita wadudu. Kwa hiyo kila msimu wanawake wa boma huketi kwenye turubai, na asiyepukuchua huonekana. Msimu ule aliamua siku iwe Jumamosi. Nilienda, lakini nilienda na kitabu changu.

Nilipokifungua pale ukingoni mwa turubai, mama aliniangalia kana kwamba nimepanda kitandani na viatu.

"Hiyo kitabu ndiyo itapukuchua mahindi?"

"Wacha yeye," shangazi akadakia. "Alisoma mpaka akasahau mikono ni ya nini."

Mke wa kaka yangu akaficha kicheko kwenye leso.

"Leo ni Jumamosi," nikasema. "Hii ndiyo kazi yangu. Kama hamwamini, sikilizeni."

Nikaanza kusoma kwa sauti, haraka, kwa hasira, bila kumtazama yeyote. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyeuza ng'ombe wa mumewe ili apate nauli ya kwenda kumtafuta binti yake. Mwanzoni walinipuuza, wakaendelea na habari zao za kanisani. Kisha habari zikakatika. Baadaye hata punje zikaanza kuanguka polepole.

"Aii, ng'ombe ya bwana!" shangazi akaguta. "Huyo atapigwa."

"Nyamaza tusikie," mama akasema.

Mwanamke wa kitabuni alipofika kwenye lango alilokuwa ameelekezwa, akainua mkono kubisha, nikafunga kitabu. Nikavuta beseni la mahindi mpaka mapajani.

"Nimechoka kuitwa mvivu. Wacha nipukuchue."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshaanza hindi la pili wakati mke wa kaka aliposhindwa kuvumilia. "Si ufungue hiyo kitabu, bana! Nani yuko ndani?"

Mama aliinuka, akaniondolea beseni mapajani, akalipeleka upande wake.

"Wewe soma," akasema. "Mikono tuko nayo."

Nilisoma mpaka mahindi yakaisha. Kitabu hakikuisha, na kesho yake nilirudi Kitale nacho, kwa sababu nilikuwa bado na hasira kidogo.

Msimu huu mama alinipigia Ijumaa. "Mahindi imekauka, kuja kesho." Nikamjibu kwamba kesho ni Jumamosi, kuna filamu nataka kuangalia, nitafika Jumatatu. Nikajikaza kwa ugomvi.

Badala yake akauliza:

"Hiyo filamu ni ya nini?"

"Bado sijui, mama."

"Basi uiangalie mpaka mwisho," akasema. "Usikuje kutuambia nusu tena."