Bakuli la Oyniso Halijarudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shodmon Qobilov anapiga magoti kando ya mfereji na kufuta tope kwenye ubao wa kipimo. Maji yamefika alama ya arobaini. Anasoma, anaandika, kisha anasoma tena. Zamani alikuwa akitupa jicho mara moja tu, tena akiwa amesimama.

Shodmon, mwenye miaka 58, ni mgawa maji, mirobu kama tunavyowaita hapa bondeni. Kwa miaka 23 amefungua na kufunga malango 14 ya mfereji unaonywesha mashamba ya kaya 140. Ukimuuliza habari za kazi, anajibu haraka. Ukimuuliza habari za Mei iliyopita, anatazama viatu vyake.

Mwaka jana mamlaka ya maji ya mkoa ilipindua utaratibu. Theluji ya milimani inapungua, ikasema, kwa hiyo kipaumbele kiwe mashamba ya mwisho wa mfereji, yaliyozoea kuambulia mabaki. Shodmon ndiye aliyelisoma tangazo hilo kwenye mgahawa wa chai, tena kwa kujidai kidogo.

Wiki mbili baadaye akaja Davron, baba wa mke wa mwanawe, na mikate miwili iliyofungwa kwenye kitambaa. Huku kwetu mkwe akija na mikate hanyimwi kitu. Aliomba maji kwa muda wa saa tatu tu, kwa ajili ya vitunguu vyake vya huko juu ya mfereji. Shodmon akafungua lango la juu, akijiambia kwamba atafidia kesho yake.

Saa tatu zikawa tisa. Kesho yake mto ukapungua, na haukupanda kwa siku 18.

Saa tisa ndizo zilizokuwa zamu nzima ya Oyniso Karimova, mjane wa kijiji cha mwisho. Miti yake 36 ya aprikoti ikadondosha matunda mabichi.

“Usiandike kwamba nilisahau,” anasema Shodmon. “Nilijua zamu ni ya nani. Nilijua, na nikakaa kunywa chai na mkwe.”

Oyniso hakumshtaki popote. Mavuno yalipokwisha, wakati kila kaya humpelekea mirobu bakuli la shukrani, naye alituma lake. Lilikuwa na aprikoti kavu za mwaka juzi, zile za mwisho ndani ya mtungi.

Davron alipoliona alicheka. “Mkwe, si umeona? Yameisha hayo. Kula.”

Shodmon hajala hata moja. Anasema afadhali mama yule angemtukana mbele ya watu.

Wiki ijayo, kwenye mkutano wa mamlaka, anakusudia kusimama na kulisema kosa lake, hata kama litamtoa kazini. Ataomba pia ufunguo wa lango la juu uwe unashikwa na mtu wa kijiji cha mwisho. Jana alikwenda kumwomba Oyniso awe mtu huyo.

“Ufunguo nitaushika, kaka Shodmon,” akasema Oyniso. “Na bakuli langu je?”

Bakuli la watu halirudishwi tupu, na Shodmon hakuona cha kutia ndani. Akamwambia atalileta Julai, miti yake Oyniso ikishapata maji na kuzaa.

“Haya,” akasema mama yule. “Ila uangalie, mkwe asije akalitangulia na mikate yake.”

Shodmon ananisimulia hayo huku akifunga daftari lake. Hacheki.

“Na hilo liandike,” anasema.