Fundi wa boti ya Papa Modeste

Tangu Papa Modeste anunue boti ya Mbelgiji aliyeukimbia uhuru, fundi wake alimchosha kwa usafi. Kila jioni, boti ikishavutwa ufukweni, alichomoa kizibo cha chini maji yatoke, akapaka propela mawese kwa kuwa grisi ilikwisha Uvira nzima, kisha akafungua buji mbili zinazoipa injini cheche. Alizipuliza kama anayepoza uji wa mtoto, akazifuta kwa pindo la shati, akaenda nazo nyumbani ndani ya kopo la tumbaku. Modeste alimcheka. Fundi alijibu kwa sauti ya kuungama: “Zinapenda kulala pakavu, papa.”

Mwaka wa sitini na nne waasi waliteremka kutoka Lubarika, na asubuhi moja mkubwa wao akasimama ufukweni akitafuta chombo cha kuchukua. “Boti hii iko nzima?” Modeste, aliyekosa kwa miaka minne mgeni wa cheo wa kujisifia kwake, alituna. “Iko nzima kabisa, chef! Inaruka!” Fundi alikohoa, mkono mfukoni. Mkubwa alivuta kamba ya injini mara kumi, jasho likamtoka, injini haikujibu.

“Weye, kaa na sanduku lako,” akasema, na watu wake wakaondoka wakicheka.

“Umeniua kwa aibu!” Modeste akamfokea fundi. “Miaka minne ya kupuliza na kufuta!”

Fundi alisubiri waasi wapotelee nyuma ya michikichi. Akatoa kopo mfukoni, akalifungua, akazipuliza buji tena, moja moja.